Jibu: Modemu haisikii ATH baada ya kuunganisha

Ndugu, umesema ATI (amri ya kuiuliza modemu habari zake) inakujibu vizuri, lakini modemu, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta kupitia laini ya simu, ikishaunganisha, hata ATH ya kukata simu haifanyi kitu. Modemu yako haina ubovu. Ikishaandika CONNECT inatoka kwenye hali ya amri (inapotii unachoandika) na kuingia hali ya data (inapotuma tu unachoandika), kwa hiyo ATH yako inasafirishwa hadi upande wa pili kama herufi nyingine yoyote.

Ili kuirudisha, usiguse kibodi kwa sekunde moja au zaidi kidogo, andika +++ haraka, kisha subiri tena muda uleule. Usibonyeze Enter! Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana Enter nayo ni herufi na inavunja ule ukimya. Ukiona OK, andika ATH ukate, au ATO urudi kwenye data. Ukimya huo uliwekwa makusudi na Hayes, kampuni iliyotoa Smartmodem mwaka 1981, ili +++ iliyomo ndani ya faili isikatishe mawasiliano. Ni ubunifu mzuri sana.

Ikigoma bado, kabla ya kupiga tena andika ATS2? uone modemu inatambua herufi gani badala ya kuifanya +++. Jibu 043 ndiyo alama ya kujumlisha; namba inayozidi 127 maana yake njia hiyo imezimwa, basi weka ATS2=43. ATS12? nayo huonyesha muda wa ukimya: kwa kawaida ni 050, yaani vipande 50 vya 1/50 ya sekunde.

Kagua pia programu yako ya tamino, yaani ile unayoandikia amri za modemu. Baadhi hutuma mstari mzima pamoja na Enter.