Barua kwa mwanangu: kiwanja cha Ihumwa kisiuzwe

Mwanangu Yona,

Marahaba. Huku Dodoma hatujambo, ni upepo tu unaotupiga vumbi, na baba yako na magoti yake yaleyale. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na yeye. Unasema mhubiri wenu huko Dar es Salaam amefundisha kwamba dunia inaisha Aprili 2029, jiwe kubwa litashuka kutoka angani, na mwenye imani auze alicho nacho mapema, pesa yake aitoe sadaka. Unauliza kama ni kweli, na kama uuze kile kiwanja cha Ihumwa. La kiwanja nalijibu kwanza: hapana. Hilo lingine ndilo linalotaka maneno.

Jiwe lenyewe lipo, hajalitunga. Linaitwa Apophis, liligunduliwa 2004, upana wake mita 340 hivi. Desemba ya mwaka ule hata wataalamu walishtuka, kwa sababu hesabu zao za mwanzo zilitoa uwezekano wa karibu asilimia 3 kwamba litatugonga 2029. Walivyozidi kulipima, uwezekano ule ukafutika, na vipimo vya rada vya 2021 vikaonyesha kwamba halina hatari kwetu kwa miaka 100 angalau. Litapita Aprili 13, 2029. Kwa saa zetu ni usiku wa kuamkia Jumamosi, karibu saa saba, umbali wa kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini. Setilaiti za televisheni ziko juu zaidi, karibu kilomita 36,000. Kwa hiyo litapita chini ya zile setilaiti ambazo dishi letu hapo juu ya bati linazielekea, halafu liende zake. Wanasema litaonekana kwa macho matupu, na sisi Afrika tumo. Mvua zikiwa zimekatika, mimi nitatoa kiti nje.

Sikwambii kwamba mawe ya angani ni mchezo. Kimondo cha Mbozi kipo, tani 16 hivi, watu wanakwenda kupiga nacho picha. Na lile lililoangukia upande wa Mexico miaka milioni 66 iliyopita lilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi, likawamaliza dinosaria. Lakini Septemba 2022 Wamarekani walirusha chombo kikagonga kwa makusudi kijiwe kiitwacho Dimorphos, na muda wake wa kulizunguka jiwe mwenzake mkubwa ukafupika kwa dakika 32 hivi. Mhubiri wako hilo hakuwaambia, au siyo?

Tarehe za mwisho wa dunia zimetangazwa kabla hajazaliwa. Kule Marekani wafuasi wa mhubiri William Miller waliambiwa ni Oktoba 22, 1844, na wengine wakaacha mazao shambani bila kuvuna. Wewe mwenyewe unaikumbuka 2012, ya kalenda ya Wamaya. Mwaka mmoja kabla ya hapo mhubiri wa redio, Harold Camping, alisema ni Mei 21. Ilipopita akasema Oktoba 21. Hata kabla ya tarehe ya kwanza wapo wafuasi wake waliokwisha kumaliza akiba ya uzeeni kulipia mabango ya matangazo. Bango likibanduliwa, pesa hairudi. Hata yule Yona tuliyekupa jina lake aliutangazia mji wa Ninawi siku arobaini tu, na mji haukuangamia. Alichofanya ni kununa. Angalau yeye hakuchukua kiwanja cha mtu.

Na usiseme hayo ni ya Wazungu. Kanungu, Uganda, waumini waliuza mali wakawakabidhi viongozi, wakaambiwa dunia haivuki mwaka 1999. Ikavuka. Watu wakaanza kudai chao, na Machi 17, 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo la ibada ambalo madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari. Shakahola, Kenya, juzi tu 2023, walifundishwa kufunga chakula mpaka wamwone Yesu. Iliyofukuliwa msituni ni zaidi ya miili 400. Mimi ni mtu wa kanisa tangu utoto, na Mathayo 24 imesema siku ile hata malaika hawaijui. Mzee Rajabu jirani yetu anasema kwao Kiyama ni hivyohivyo, elimu yake iko kwa Mungu peke yake. Sasa huyu wenu ameambiwa na nani?

Ukiniuliza dunia inaishaje, kuna mwisho mmoja ninaoujua vizuri kuliko wa jiwe, maana bibi yangu alikuwamo. Ni ile njaa ya Ugogo ya 1917 mpaka 1920, wanayoiita Mtunya. Haikuanzia mawinguni. Ilianza na vita ya Wajerumani na Waingereza, watu ambao ugomvi wao haukutuhusu. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. 1916 Waingereza wakaingia Dodoma, nao wakachukua kilichobaki. Ndipo mvua ikagoma, na watu wakiwa wamechoka hivyo ikaja homa kubwa ya 1918. Inakadiriwa walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Mmoja kwa kila watano, Yona. Bibi alisema kilindo cha nafaka kilipanguswa ndani kwa kiganja, wakala zile chenga. Kisha wakashusha ngozi ya ng'ombe waliyokuwa wakilalia, wakaikwangua manyoya kwa jiwe, wakaichemsha kutwa nzima, wakanywa supu yake. Mdogo wake wa kike alipelekwa upande wa Mpwapwa, akabadilishwa na kikapu cha uwele. Hakurudi. Bibi alikuwa akilitaja jina lake kila alipopepeta.

Kwa hiyo ninapotaka kuogopa, naogopa hapo. Dunia ina vichwa vya nyuklia zaidi ya 12,000, na karibu tisa katika kila kumi ni vya Urusi na Marekani. Wakubwa wakigombana sasa hivi, hawatahitaji hata kupita Dodoma. Na joto hili linaloongezeka, sisi wa mvua za kubahatisha litatufikia mapema kuliko wengi. Jua lenyewe, wanasema litazidi kuwaka mpaka bahari zikauke, lakini hiyo ni baada ya miaka bilioni moja hivi. Hilo niachie mimi.

Mhubiri wako muulize swali moja, tena kwa adabu: nyumba yake na gari lake ameviuza? Akisema ndiyo, muulize pesa amempa nani. Kama jambo limekukaa moyoni mpaka hulali, nenda kwa mchungaji aliyekubariki ndoa, au panda basi uje, chumba chako kipo.

Kiwanja nilikwenda kukiona wiki iliyopita. Jiwe la mpaka upande wa barabara limefukiwa na mchanga, na jirani mpya ameanza kurundika matofali ndani ya kwako. Nimemwambia ayasogeze, akaniitikia tu. Njoo na mkeo kabla hajaanza msingi. Hati ninayo mimi, iko kwenye sanduku la baba yako, na ufunguo wake sitautoa kwa simu. Pango la ardhi la mwaka huu hujalipa. Namba ya malipo nitakutumia kesho.

Mama yako