Wiki tatu Australia, tuone nini tuache nini?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi na mume wangu tunakaa Mwanga hapa Kigoma, mi nanunua dagaa Kibirizi nasafirisha Dar, mume wangu mwalimu. Tumeweka akiba miaka minne ili mwakani mwezi wa sita shule zikifunga twende Australia wiki tatu, mdogo wake mume wangu yuko Melbourne na ametualika. Tunataka tuone Melbourne, Sydney, Perth, ule mwamba mwekundu wa Uluru na matumbawe ya Cairns, tulifikiri tukishafika tutapanda tu basi mji hadi mji. Kuna kijana anasema tumpe hela atatupatia viza ya uhakika. Na je, naruhusiwa kumbebea shemeji dagaa?
Mama wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Nzuri mama, na hongereni sana, akiba ya miaka minne sio mchezo. Nimesoma ujumbe wako nikafurahi halafu nikaingiwa na wasiwasi, maana hiyo orodha yenu ni ya miezi mitatu.

Tuanze na ukubwa wa nchi yenyewe. We unaijua treni ya Kigoma mpaka Dar kupitia hapa kwetu Tabora, kama kilomita 1,250 hivi, na unajua unavyoshuka pale mwili wote unauma. Sasa Sydney mpaka Perth kwa barabara ni karibu kilomita 3,900, yaani hiyo safari yako ya Dar mara tatu na bado hujafika. Australia nzima inaingia Tanzania kama nane! Kwa hiyo habari ya basi sahauni, huko mtapanda ndege za ndani, isipokuwa Melbourne na Sydney kuna treni ya usiku ya kama saa kumi na moja, nyie watu wa Kigoma hiyo mtaiweza vizuri tu.

Perth itoeni kabisa. Nasema hivi kwa uchungu, safari yangu ya kwanza huko niling'ang'ania miji mitano ndani ya siku kumi na nane, kila siku ya tatu nafunga begi, na ndugu yangu niliyemfuata nilikaa naye siku tatu tu, mpaka leo inaniuma. Nyie mna mtu wenu Melbourne, kaeni naye siku tisa au kumi, mpike pamoja, awazungushe mji. Halafu Sydney siku tatu nne, halafu mpande ndege kwenda Cairns siku tano muone matumbawe. Hayo matumbawe yanakwenda zaidi ya kilomita 2,300 baharini pembeni ya pwani, boti za kuwapeleka zinatoka hapohapo Cairns asubuhi zinarudi jioni.

Kama Uluru ndo ndoto ya mzee basi toeni Sydney muweke Uluru, siwezi kuwachagulia moyo. Ila mjue iko katikati ya nchi kabisa, mji mkubwa wa karibu unaitwa Alice Springs na uko kilomita kama 450, na kuupanda ule mwamba ni marufuku tangu tarehe 26 Oktoba 2019 kwa sababu kwa Waanangu, wenyeji wa asili ambao ndo wenye ardhi ile, ni mahali patakatifu. Watu wanauzunguka kwa miguu chini, kilomita kama kumi, na kwa kweli inatosha.

Nguo sasa. Mwezi wa sita Melbourne ni baridi kali, bebeni makoti, asubuhi mtatetemeka. Cairns mwezi huohuo kuna joto na mvua zimeshaisha, ila ukiona bango la mamba ufukweni litii, nyie mmekulia ziwani sina haja ya kuwaeleza mamba.

Huyo kijana wa viza ya uhakika msimpe hata mia. Hakuna mtu duniani anayeweza kukuhakikishia viza, anayeamua ni afisa wao. Maombi yanajazwa wenyewe mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya Australia, na wanachotaka kuona ni kwamba mtarudi nyumbani: barua ya mwaliko ya shemeji, barua ya likizo ya mwalimu, leseni yako ya biashara, namba ya mlipakodi, watoto mnaowaacha. Mama, najua hela ya dagaa inazunguka mkononi na kwenye simu, anza leo kuipitisha benki ili taarifa ya akaunti ionyeshe miezi mingi ya biashara, sio hela nyingi zimeingia ghafla wiki moja kabla ya maombi, hiyo inawatia mashaka sana. Barua yoyote ya Kiswahili, mfano ya serikali ya mtaa, itafsiriwe Kiingereza. Ombeni miezi mitatu kabla, na tiketi msilipe mpaka viza itoke.

Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna, watu wengi wanapita Doha au Dubai, na kutoka hapo mpaka Melbourne ni zaidi ya saa kumi na tatu angani, inukeni mnyooshe miguu. Toka Kigoma fikeni Dar siku moja kabla, ndege ya ndani ikichelewa msiikose ile kubwa.

Biashara nayo usiiwazie sana, mwezi wa sita Melbourne wako mbele yetu saa saba, kwa hiyo Kibirizi ikiwa saa mbili asubuhi, nyie huko Melbourne itakuwa saa tisa alasiri, unampigia kijana wako bila shida.

Dagaa? Australia wako wakali mno kwenye vyakula, mbegu na vitu vya mbao. Kwenye ndege mnapewa fomu, chakula chochote ulichobeba kiandike humo hata kama ni kidogo, afisa akikiona anaamua kipite au kitupwe. Ukificha ndo kuna faini na wanaweza kukufutia viza palepale uwanjani, miaka minne yote inaishia hapo. Kwa hiyo dagaa na mawese viacheni nyumbani, shemeji mpelekee vitenge.