Kabla ya dripu ya uchungu, mlango wa kizazi upimwe

Kuanzishiwa uchungu hukwama mara nyingi kwa sababu dripu ya oksitosini imewekwa mlango wa kizazi ukiwa bado mbichi. Oksitosini hukaza mfuko wa uzazi, lakini mlango haiulainishi. Mama ataumia kutwa nzima na njia isifunguke.

Kwa sehemu kubwa ya ujauzito mlango huu huwa na urefu wa sentimita 3 hadi 4, umefungwa kwa nyuzi ngumu za kolajeni. Wiki za mwisho nyuzi hulegea na kuvuta maji. Mlango unalainika, unafupika, unasogea kutoka nyuma kuja mbele. Ukiwa mbichi, kidole cha mkunga huuhisi mgumu kama ncha ya pua. Ukiiva, ni laini kama mdomo. Alama za Bishop hupima hayo yote, pamoja na ulivyofunguka na kichwa cha mtoto kilivyoshuka. Jumla ni 13. Kuanzia 8, dripu ina kazi ya kufanya. Zikiwa 6 au pungufu, ulainishwe kwanza.

Njia mojawapo ni katheta ya Foley, mrija laini wenye puto kwenye ncha: puto lake hupitishwa juu ya mlango, likajazwa maji safi ya dripu mililita 30 hadi 60. Mlango ukifunguka vya kutosha, huanguka lenyewe. Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji aulizie njia hii, kwani misoprostoli, dawa ya kulainisha mlango na kuleta uchungu, inaweza kupasua kovu lake.

Kwa wengine, misoprostoli ya kunywa ni mikrogramu 25 kila baada ya saa 2. Hapa ndipo makosa huzaliwa: kidonge cha mikrogramu 200 kikikatwa vipande vinane, havilingani. Ni salama zaidi kukiyeyusha katika mililita 200 za maji, kukoroga kila mara, na kutoa mililita 25. Dozi ikizidi, mikazo ya uchungu inaweza kuzidi mara 5 ndani ya dakika 10 na mtoto akakosa hewa. Tafadhali, dawa hii isinywewe nyumbani kamwe. Ni ya hospitali yenye uwezo wa kupasua. Oksitosini nayo isiwekwe mara tu baada yake. Zipite angalau saa 4.

Chupa ya uzazi isivunjwe kichwa cha mtoto kikiwa bado kinaelea, maana kamba ya kitovu inaweza kutangulia. Ikishavunjwa, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe papo hapo na rangi ya maji iandikwe.