Sindano za kipandauso zinatibu shoti za shavuni?

SWALI: Daktari, nina miaka 57. Huu ni mwaka wa pili napigwa na maumivu ya ghafla shavu la kulia, kama shoti ya umeme. Yanakaa sekunde chache, yanapotea, kisha yanarudi. Nikipiga mswaki au upepo ukinigusa usoni tu, yananianza. Niling'olewa gego nikapata nafuu kama miezi mitatu, yakarudi. La pili likang'olewa bila nafuu yoyote. Kipandauso ninacho tangu usichana, na sasa kichwa kinaniuma karibu kila siku, hivyo nameza vidonge vya maumivu kila kukicha. Nimesoma kuwa kuna sindano mpya za kipandauso zinazotuliza neva ya uso. Zitanifaa?

JIBU: Pole sana, mama. Kwa hizo shoti, sindano hizo sizitegemei. Kwa kichwa huenda zikakufaa, ila kuna jambo la kurekebisha kwanza.

Mambo mawili yamechanganyika hapa kwa sababu yanapita kwenye neva moja, ya trijemino, inayopeleka hisia za uso, meno na ngozi ya ubongo. Mwaka 1990 watafiti Peter Goadsby na Lars Edvinsson walionyesha kwamba wakati wa shambulio la kipandauso, kemikali iitwayo CGRP, ambayo neva hiyo huitoa, huongezeka kwenye damu inayotoka kichwani. Kutokana na njia hiyo zikapatikana sindano za kuizuia. Ya kwanza, erenumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018.

Watafiti nao walijiuliza swali lako hilo hilo. Huko Denmark waligawa wagonjwa 80 wenye shoti kama zako: 40 wakachomwa erenumabu, 40 sindano isiyo na dawa, na hakuna aliyejua amepewa ipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya wiki nne, waliopata nafuu ya maana walikuwa 14 upande wa dawa na 18 upande usio na dawa. Erenumabu haikufua dafu.

Hao 18 wanatufundisha jambo. Ugonjwa huu una tabia ya kutulia wenyewe kwa wiki au miezi, kisha ukaamka. Chochote ulichofanya juma lile ulipotulia, ndicho utakachokisifu. Naona gego lako la kwanza lilipata sifa kwa njia hiyo. Usikubali jino jingine litolewe mpaka picha ionyeshe kwamba ni bovu kweli.

Ulivyoeleza, nashuku ni nyuralgia ya trijemino, yaani maumivu ya neva hiyo yenyewe. Mara nyingi mshipa wa damu huigandamiza neva pale inapotokea kwenye shina la ubongo, ganda lake linachunika, na mguso mdogo unalipuka kama waya uliovuliwa plastiki. Vidonge vya kawaida vya maumivu haviufikii mlipuko huo. Dawa inayoanza kutumika ni ya kifafa, kabamazepini, ambayo ilianza kuripotiwa kwa ugonjwa huu mwaka 1962, na mpaka leo bado iko mstari wa mbele. Huanzwa kidogo kidogo na kupandishwa. Inaleta usingizi na kizunguzungu, inaweza kushusha chumvi ya damu, na hugongana na dawa nyingi zikiwemo baadhi ya ARV na za kuyeyusha damu, kwa hiyo mtajie daktari kila unachomeza. Ngozi ikitoka vipele au malengelenge, acha dawa na uende hospitali haraka.

Omba pia kipimo cha MRI. Kitaonyesha kama kuna uvimbe au ugonjwa mwingine wa neva, hasa ukiwa na ganzi usoni. Dawa zikishindwa, kuna upasuaji wa kuutenganisha mshipa wa damu na neva. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1996, wagonjwa takribani 7 kati ya 10 hawakuwa na maumivu wala dawa baada ya miaka 10. Ni upasuaji wa kichwa lakini, si wa kukimbilia.

Sasa kichwa. Mwenye kipandauso akimeza vidonge vya kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, vidonge vyenyewe vinaweza kuwa ndivyo vinavyokiumiza kichwa. Kwa vidonge vya mchanganyiko, yaani vyenye dawa zaidi ya moja ndani ya kidonge kimoja, ni siku 10 tu. Andika kila kidonge unachomeza kwa mwezi mmoja umpelekee daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, akupangie namna ya kupunguza. Hapo ndipo mazungumzo ya dawa za kuzuia kipandauso, sindano zikiwemo, yanapokuwa na maana.

Kuna jambo moja lisilosubiri miadi. Kwa umri wako, taya likianza kuchoka na kuuma kadiri unavyotafuna, ngozi ya kichwa ikiuma unapochana nywele, au macho yakififia hata kwa dakika chache, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo huwa dalili ya kuvimba kwa ateri za kichwa, na jicho likishapofuka kwa ugonjwa huo, kwa kawaida halirudi.