Chembe sahani kubwa si hukumu ya moyo

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina miaka 54, naishi Mbagala. Wiki iliyopita nilipima damu kwa sababu ya homa, na kwenye karatasi ya majibu MPV ilikuwa 12.4, kando yake pameandikwa H. Niliambiwa ni dalili ya ugonjwa wa moyo. Kaka yangu alifariki ghafla kwa moyo. Je, nianze kumeza aspirini?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa msiba huo. Herufi hiyo inaonyesha tu kwamba MPV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe sahani zako, zile zinazokimbilia kuziba jeraha, umevuka kiwango cha maabara hiyo. Chembe hizi hutengenezwa kwenye uboho na huishi siku 7 hadi 10. Zilizo kubwa, ambazo aghalabu ndizo changa, hunata upesi zaidi. Utando wa mafuta unapopasuka ndani ya mshipa unaolisha moyo, chembe hizo hurundikana hapo na kuanzisha donge la damu, ndiyo maana tafiti nyingi zimekuta waliopata shambulio la moyo wakiwa na chembe kubwa kuliko wenzao.

Hata hivyo, linaloonekana katika kundi la watu halitoshi kumhukumu mtu mmoja. Wewe ulipima ukiwa na homa. Malaria na dengi, ambayo sisi wa Dar es Salaam tunaikumbuka kwa milipuko ya 2014 na 2019, hupunguza chembe sahani, na uboho hufidia kwa kutoa changa zilizo kubwa. Isitoshe, damu ikikaa saa kadhaa kwenye kichupa chenye EDTA, dawa ya kuizuia isigande, chembe huvimba na namba hupanda. Rudia kipimo ukishapona.

Mimi kinachonishughulisha zaidi ni kifo cha kaka yako. Mweleze daktari alifariki akiwa na umri gani, pima shinikizo la damu, sukari na lehemu (kolesteroli), na kama unavuta sigara usimfiche.

Aspirini usianze mwenyewe. Hudhoofisha chembe sahani kwa siku zote ambazo chembe hizo huishi, na ikiwa homa hiyo ilikuwa dengi, yaweza kukuvujisha damu. Lakini ukibanwa kifua, maumivu yakaenea mkononi au tayani huku jasho likikutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, upimwe umeme wa moyo na troponini, protini inayovujia kwenye damu misuli ya moyo inapoumia.