Nyuti kwenye bwawa la bustani: anza na koo

Ukihamia Uingereza kutoka kwetu na nyumba uliyopanga ikawa na kibwawa uani, jiandae. Kuanzia mwezi wa tatu utaona kitu kinachofanana na mjusi kikielea majini, na utaapa ni mjusi kafiri aliyetumbukia. Siyo. Huyo ni nyuti, jamaa wa salamanda (viumbe wa kundi moja na vyura, ila wenye umbo la mjusi), na kusini mwa Sahara hatuna kabisa viumbe wa ukoo huo, ndiyo maana macho yetu hayajamzoea. Hana magamba wala kucha, na nchi kavu hutembea polepole mno. Mjusi ukimsogelea, utabaki unaangalia pale alipokuwa.

Nyuti wenyeji wa Uingereza ni aina tatu tu. Mkubwa kuliko wote, nyuti mwenye kishungi, hakusumbui: anafika sentimita 15 na zaidi, ni mweusi, ngozi ina vipele vipele, na tumbo ni la rangi ya chungwa lenye mabaka meusi. Mabaka hayo hayafanani kati ya mmoja na mwingine, kiasi kwamba watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa picha za matumbo. Dume wakati wa kuzaliana huota kishungi chenye meno meno mgongoni, kinakatika kiunoni kisha kinaendelea mkiani, na ubavuni mwa mkia kuna mstari wa rangi ya fedha.

Kazi iko kwa wale wawili wadogo, wa sentimita kumi au chini yake: nyuti laini, ambaye ndiye utakayemkuta kwenye bustani nyingi, na nyuti wa miguu yenye utando, anayependa zaidi maji yenye asidi ya nyika na milimani. Madume wa masika hawana shida. Laini ana kishungi cha mawimbi kisichokatika toka kichwani hadi mkiani, na madoa meusi mwili mzima. Mwenzake ana miguu ya nyuma myeusi yenye utando, na ncha ya mkia imeishia kwenye kijiuzi chembamba. Lakini majike! Wote wa kahawia, wote wanyonge, na ukiwatazama kwa juu hutoki na jibu.

Hapo ndipo koo linapokuokoa. Koo la nyuti laini kwa kawaida lina vidoa. La mwenye utando ni tupu, lenye wekundu hafifu kama wa nyama. Mimi sitegemei rangi ya mgongo hata siku moja, maana inabadilika.

Koo utalionaje bila kumshika? Nenda usiku usio na upepo, giza likishaingia, ukiwa na tochi. Lala kifudifudi ukingoni (vaa nguo nzito, masika ya huko ni baridi) na umulike kwa pembeni, usimulike wima, maji yatakurudishia mwanga machoni. Kisha tulia. Nyuti akiwa majini hupanda kuvuta hewa mara kwa mara, na akipanda hukuonyesha koo na tumbo. Piga picha, ukaikuze ndani kwenye joto.

Neti iache. Mwenye kishungi analindwa na sheria tangu mwaka 1981, na kumkamata au kumsumbua bila leseni ni kosa la jinai. Ndiye yule ambaye mwaka 2020 Boris Johnson, akiwa waziri mkuu, alilalamika kwamba kuhesabu nyuti kunachelewesha ujenzi. Nadhani alimwonea. Hata majani yaliyokunjwa chini ya maji usiyakunjue: jike hutaga yai mojamoja na kulifungia ndani ya jani kwa miguu yake ya nyuma.

Kiangazi utaona watoto, na watu huwachanganya na viluwiluwi vya chura. Tazama miguu. Kiluwiluwi cha chura huota ya nyuma kwanza, mtoto wa nyuti huota ya mbele, tena ana matamvua ya kupumulia yaliyochanua pande zote mbili za shingo. Kama bwawa lina samaki, huenda usiwaone kabisa, kwa sababu wameliwa.

Kuna mgeni mmoja wa kumjua pia: nyuti wa Alpi, aliyeletwa kutoka bara la Ulaya. Tumbo lake ni la chungwa tupu, halina doa hata moja. Ukimwona, mpige picha uitume kwa wanaotunza kumbukumbu za wanyamapori wa eneo lako, na usimhamishie bwawa lingine, wala maji wala mimea ya hapo, kwa sababu magonjwa ya ukungu na virusi vya vyura husafiri kwa njia hiyo hiyo.