Kwa nini waandishi walimfuata Sandberg hadi Peoria

Ndugu, umeuliza kwa nini kamera zilimwandama meneja (kocha mkuu) wa timu ya daraja A, ngazi ya chini katika ligi ndogo za besiboli za Marekani. Ryne Sandberg aliingia Jumba la Umaarufu la besiboli 2005, kisha akakubali kuanzia ngazi za chini: Peoria Chiefs, timu ya vijana wa klabu ya ligi kuu Chicago Cubs, msimu wa 2007. Nyota wa hadhi hiyo kupanda basi la ligi ndogo ni nadra mno. Tena Peoria ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Chicago, kwa hiyo waandishi walifika bila shida.

Walipokosea ni kuhesabu ushindi na kuuliza lini atapewa Cubs. Huko chini meneja hapimwi hivyo. Klabu mama, hapa Cubs, ndiyo inayoamua mrushaji atupe mipira mingapi na chipukizi yupi lazima acheze. Meneja hutuma ripoti baada ya mechi, na mara nyingi husimama mwenyewe kando ya beisi ya tatu kuelekeza wakimbiaji. Mahojiano yakila muda wa mazoezi ya kabla ya mechi, anayepunjwa ni kijana wa miaka 20 anayejifunza kuweka miguu vizuri kwenye beisi ya pili. Hilo linaniuma.

Na sifa za magazetini hazikumpa kazi: 2010 alikuwa meneja bora wa Pacific Coast League, ligi ndogo ya ngazi ya juu, akiwa na Iowa, timu nyingine ya chini ya Cubs, lakini Cubs wakamchagua Mike Quade kuwa meneja wao. Sandberg akahamia klabu ya Philadelphia Phillies, na Agosti 2013 ndipo akakabidhiwa timu yao ya ligi kuu.